Meneja ndo wa mwisho kujua

Siku yangu ya kwanza kuwa meneja wa lodge, mlinzi wa getini aliniamkia yeye. Mzee wa miaka sitini na kitu, Mgogo wa Bahi huko, wote tunamwita Babu. Miaka mitatu nilikuwa nikifika getini nasema shikamoo Babu, yeye anasema marahaba mjukuu wangu, ananisalimia na kwa Kigogo, mbukwenyi, halafu ananiuliza jana umekula nini, namwambia ugali na mlenda, anacheka anasema muongo we mtu wa Moshi mlenda unaujulia wapi. Asubuhi ile nafika na blauzi mpya na kiatu kinanibana, Babu akanyanyuka kwenye kiti chake, akavua kofia, "Habari za asubuhi bosi."

Nilikuwa naongea na simu. Nikapunga mkono nikapita.

Nimeanza na hiyo kwa sababu kila nikikaa na mtu aliyepewa cheo juzi juzi naulizwa niambie kubwa ni lipi, na kubwa kwangu mimi lilianzia pale getini ila sikuliona mpaka wiki ya tatu.

Lodge yenyewe ilikuwa ya vyumba 34, upande wa Kisasa. Mimi nilikuwa risepsheni. Anayeijua Dodoma anajua biashara ya kulala wageni hapa inaenda na Bunge. Likikaa, mji unajaa, likiahirishwa unaweza ukapiga mpira kwenye korido. Na kikao kirefu kuliko vyote ni kile cha bajeti, kinaanza Aprili mwanzoni mpaka Juni mwishoni, hapo sio wabunge peke yao, wengi wana nyumba zao siku hizi, ni madereva, watu wa wizara, wa taasisi, waandishi, wenye mashirika waliokuja kuongea na kamati, yaani chumba cha elfu 40 kinagombaniwa. Tena tangu serikali ianze kuhamia kwa nguvu mwaka 2016 lodge zimeota kama uyoga, sensa ya 2012 mji ulikuwa na watu laki nne na kidogo, ya 2022 wamepita laki saba na nusu. Sasa mimi umeneja nilipewa katikati ya Machi. Wiki mbili kabla ya bajeti. Meneja aliyekuwepo kaondoka, mwenye lodge (tunamwita Mama tu, kila mtu) akaniita ofisini akaniambia Jumatatu unaanza, wageni wanakupenda, funguo hizi hapa.

Mafunzo yangu ya umeneja yakawa yameishia hapo. Funguo.

Nikajiambia mbona rahisi, risepsheni ndo moyo wa lodge na mimi naijua usingizini, najua mgeni gani hataki chumba cha karibu na jenereta, nani anataka chai ya rangi saa 11 alfajiri, nani ukimwandikia risiti lazima jina la ofisi yake liwe sawasawa la sivyo halipwi masurufu yake. Nikaona umeneja ni hayo hayo ila na kiti kizuri. Kumbe ile kazi niliyokuwa naiweza nimeiacha kaunta, na hii nyingine sijawahi kuifanya hata siku moja, na hakuna mtu wa kuniambia hivyo maana wote wananiona mjanja.

Siku ya tatu au ya nne dada mmoja wa vyumba akanifuata kwenye korido ameshika shuka, anatetemeka kidogo, akasema dada samahani nimeunguza hii kwa pasi. Shuka nyeupe, mpya, alama ya pasi katikati kama muhuri. Nilimfokea. Sijui hata ile sauti niliitoa wapi, nadhani ni ya mwalimu wangu wa nidhamu sekondari. Nikamwambia tutakata kwenye mshahara, nikamwambia kama kazi imekushinda waambie wenzio watu wanaitafuta, wageni wawili wakafungua milango kuchungulia. Yule binti akasema samahani dada, akakunja shuka lake akaondoka.

Na ukweli niseme, nilijisikia vizuri. Nilitembea kurudi ofisini nikajiona sasa ndo meneja.

Wiki iliyofuata hakuna kilichoharibika. Hakuna birika lililoungua, taulo halikupotea, hakuna mgeni aliyelalamika, bomba halikuvuja. Nikipita jikoni, kimya, watu wanakata vitunguu. Nikitokea londri, kimya. Kabla ya hapo londri ndo ilikuwa redio ya lodge nzima, ukitaka kujua mpishi kagombana na nani au chumba gani kina mgeni mkorofi nenda pale kunja foronya kumi utasikia yote. Sasa nikifika stori inakatika katikati ya sentensi, mtu anasema "karibu dada" halafu anaangalia beseni. Mimi nikatafsiri kuwa hiyo ni nidhamu. Nikamwambia mpaka Mama, nimeweka nidhamu.

Sasa sikiliza kuhusu maji.

Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Machi au Aprili ikijitahidi, na maji ya mji kwa miaka mingi yametegemea visima vya Mzakwe, kwa hiyo mtu mwenye lodge bila simtenki huyo hana lodge. Sisi tulikuwa nazo mbili za lita 5,000. Babu alikuwa na tabia yake, kila usiku kama saa 3 anazunguka nyuma anagonga tenki na rungu kuanzia chini kupanda juu, anasikiliza sauti inabadilikia wapi, anajua maji yamefika wapi. Hakuna aliyemtuma. Zamani akishagonga anakuja kaunta ananiambia mjukuu wangu maji yako kiunoni, au yako magotini, yakiwa magotini napiga simu ya boza usiku ule ule, asubuhi wageni wanaoga wala hawajui kulikuwa na kitu.

Wiki ya pili ya Aprili, lodge imejaa vyumba vyote 34, maji ya bomba yana siku ya pili hayajatoka. Saa 3 Babu akagonga. Maji yako kwenye kifundo cha mguu. Akaenda kaunta akamwambia binti wa zamu ya usiku. Binti akamwambia Babu mpigie meneja. Babu akasema mpigie wewe. Binti akasema mi sitaki kufokewa usiku huu. Wakakaa hivyo hivyo. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba binti aliandika kabisa meseji, akaifuta.

Saa 11 na dakika kumi alfajiri simu yangu ikaita, namba ngeni. Alikuwa mgeni. Sijui namba yangu aliitoa wapi. Akaongea taratibu, na taratibu ile ndo iliyonitisha, akasema "Meneja, nina sabuni machoni."

Nilikuwa naishi Chang'ombe wakati ule. Nikachukua bodaboda na kanga juu ya dera, kile kibaridi cha Dodoma cha alfajiri kikanipiga mpaka meno, nafika nakuta korido imejaa wanaume na taulo na wanawake wamejifunga vitenge, wengine wanatakiwa Bungeni na kikao kinaanza saa 3, bosi wao akiingia ukumbini wao wawe wameshapanga makaratasi. Kila mtu anaongea na kila mtu ananiangalia mimi. Tukatoa katoni zote za maji ya kunywa stoo. Watu wakaoga na chupa za lita moja na nusu, mtu mzima na suti yake kwenye hanga anajimwagia maji ya kunywa kichwani, nadhani ndo kuoga kwa gharama kuliko kote kuliwahi kutokea Kisasa. Mpishi akatumwa na ndoo kwa majirani. Boza lenyewe likafika saa 2 na nusu, maana asubuhi hiyo mji mzima ulikuwa unatafuta maboza. Vyumba sita walihama siku ile ile, na kati ya hao kulikuwa na ofisi moja iliyokuwa imechukua vyumba mpaka Juni.

Mama alinipigia. Hayo aliyoniambia nayaacha.

Jioni nikaenda getini. Nilikuwa nimejiandaa kufoka tena, nilishapanga na maneno, lakini nilipofika nikajikuta nimesema "shikamoo Babu" kwa mazoea tu, mdomo ulisema wenyewe. Akaniangalia. Akasema marahaba. Ilikuwa marahaba ya kwanza ndani ya wiki tatu, ndo nikagundua na mimi.

Nikamuuliza Babu maji ulijua? Akasema nilijua. Mbona hukuniambia? Akakaa kimya muda, anachora chini na rungu, halafu akasema, "Yule binti wa shuka ulimfokea mpaka wageni wakatoka nje. Mimi mtu mzima, nina wajukuu wakubwa kama yeye, nikifokewa vile hapa getini nitakaa vipi?" Sikuwa na jibu. Akaongeza, "Na siku ile nilikuita bosi nilikuwa nakutania. Nikuone utasemaje. Ukapita."

Aisee.

Nilikuwa nimeshatafuta sababu zote, mgao, boza, binti wa usiku mzembe, na sababu yenyewe ilikuwa mimi na ile shuka. Shuka moja, kwa bei ya wakati ule haikufika hata elfu 25. Vyumba sita mara siku zilizobaki mpaka Juni fanya hesabu mwenyewe, mimi niliifanya usiku ule nikaacha katikati.

Kwa hiyo we uliyepewa cheo wiki hii, nikuambie nilichokuja kukielewa, ukipewa kiti watu hawaachi kujua mambo, wanaacha kukuambia wewe. Wewe ndo unakuwa wa mwisho. Na hawana ubaya, wewe mwenyewe ulikuwa unamfanyia hivyo hivyo meneja aliyepita, jikumbuke. Kabla hujafoka wala kukosea chochote tayari umeshapungukiwa nusu ya habari kwa sababu tu ya kile kiti, ukifoka mara moja unapoteza na nusu iliyobaki.

Kurudisha ni kazi ya miezi. Nilianza na binti wa shuka. Nilitaka nimuite ofisini nimuombe radhi kimya kimya, halafu nikaona hapana, nilimfokea koridoni mbele ya watu basi na radhi iende koridoni. Miguu ilikuwa mizito jamani. Nikamwambia mbele ya wenzake nilikosea, na mshahara wako haukatwi (nilikuja kusoma baadaye kwamba hata kukata kwenyewe kuna utaratibu wake wa kisheria, huamki tu ukatangaza). Akasema haina shida dada, huku anaangalia chini. Hakuniamini. Na alikuwa na haki asiniamini, mtu mmoja huyo huyo anafoka Jumatano na anaomba radhi mwezi unaofuata, utajua yupi ndo wa kweli?

Kilichosaidia zaidi kilikuwa kitu kidogo. Kila siku saa 9 alasiri, zamu zinapokutana, nikawa naenda londri nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nakunja foronya nao, dakika kumi, robo saa. Siku za mwanzo kimya kilikuwa kinauma masikio. Nikiuliza kuna tatizo? Hamna dada. Na hapa nikajifunza kitu, hilo swali la "kuna tatizo?" usiulize, jibu lake kwa kiswahili cha kazini ni "hamna", hata nyumba inawaka moto. Nikabadilisha. Nikawa nauliza leo ungekuwa wewe mgeni, chumba gani usingekubali kulala? Siku ya kwanza wakacheka. Siku ya pili mmoja akasema 17. Kwa nini? Choo kinalia usiku kucha kama mtoto. Tangu lini? Wakaangaliana. Tangu Februari! Yaani wakati mimi mwenyewe niko risepsheni nawapa watu funguo za 17 huku natabasamu.

Na mtu akishaniambia kitu kibaya, neno la kwanza kutoka mdomoni ni "asante kwa kuniambia". Hata kama ndani nachemka. Hasa kama ndani nachemka. Mengine yanafuata baadaye, adhabu ipo, barua ipo, kazi ni kazi, lakini neno la kwanza lazima liwe hilo. Nilikuwa nauma ulimi kweli kweli, kuna siku mpishi alikuja kuniambia kasahau kuagiza nyama na tuna kikundi cha watu 20 chakula cha mchana, nikasema asante kwa kuniambia, nikaenda chooni nikafunga mlango nikapumua.

Rosta nayo niseme kidogo. Kipindi cha Bunge niliweka watu wawili tu wa risepsheni, mmoja mchana mmoja usiku, masaa 12 kwa 12, siku saba, na sikuona shida maana na mimi nilishafanya hivyo hivyo enzi zangu. Ni kwenye ndoo ya londri nikasikia binti wa usiku anamwambia mwenzake, kwa sauti ya mimi nisikie, kwamba kaka yake kamwambia kuna sheria. Nikaenda kusoma, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ipo mtandaoni bure na kwa kweli kila meneja mpya aisome kabla hata hajanunua viatu. Masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, siku sita. Ovataimu inalipwa mara moja na nusu na isizidi masaa 50 kwa wiki nne. Siku moja mtu asivuke masaa 12 hata kama kakubali. Kila wiki apumzike masaa 24 mfululizo. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 juu. Nilikuwa nimevunja karibu vyote kwa karatasi moja ya rosta niliyoipiga rangi vizuri na maka peni. Halafu kuna kichekesho, hiyo sehemu ya masaa ya kazi yenyewe inasema haimhusu mtu anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Yaani mimi. Ndo zawadi ya cheo.

Kumpelekea Mama hiyo habari ilinichukua siku nne. Nilikuwa nazunguka zunguka, leo amechoka, kesho ana wageni, mpaka siku moja niko bafuni naoga nikacheka peke yangu, maana nilikuwa nafanya kile kile alichofanya Babu na lile tenki. Naogopa kufokewa. Nikaenda. Akafoka, ndio, lakini nilikuwa na daftari, nimeandika mtu wa tatu wa risepsheni atagharimu kiasi gani na ovataimu ingegharimu kiasi gani na vyumba sita vya siku ile viligharimu kiasi gani. Akaangalia ule mstari wa mwisho kwa muda mrefu. Tukaajiri wa tatu.

Sasa kuna lile jambo ambalo bado linaniuma na nililitaka niliruke.

Shoga yangu. Tulianza kazi pale mwezi mmoja, tulipanga chumba pamoja mwaka mzima, sufuria moja, kapeti moja, mtoto wake ananiita mama mdogo. Nilipopanda yeye ndo akashika risepsheni yangu. Sikumwambia lolote kuhusu sasa tutakuwaje, nilidhani tutajua tu wenyewe, watu wazima. Hilo lilikuwa kosa, hayo mazungumzo yafanyeni wiki ya kwanza, yana aibu lakini aibu ya wiki ya kwanza ni ndogo. Akawa anachelewa, namwangalia tu. Wenzake wananiangalia mimi nikimwangalia.

Mwezi wa tano nikiwa kwenye zile foronya zangu nikaona kitu. Shuka hazikubaliani na kitabu. Kitabu cha wageni kinasema jana vyumba 29, londri imefua shuka za vyumba 31. Nikadhani wamekosea. Kesho yake tena, zimezidi mbili. Wenye uzoefu wa lodge mshajua, mtu anauza chumba pembeni, mgeni wa masaa mawili matatu mchana, hela inaingia mfukoni, kitabuni hakuna kitu na risiti ya mashine haitoki, ila shuka haidanganyi, shuka ikilaliwa lazima ifuliwe. Nikaangalia tarehe na zamu. Zamu zote ni zake.

Londri walikuwa wanajua wote. Wamefua wao. Hakuna aliyesema, na safari hii sikuwalaumu, nani atakwenda kumwambia meneja kuhusu shoga yake meneja?

Mama alitaka aondoke usiku ule ule, hata begi atarushiwa nje ya geti. Nikamwambia hapana Mama, tumpe barua, kanuni za ajira za 2007 zinataka mtu ajue tuhuma na apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida sio chini ya masaa 48, na aje na mfanyakazi mwenzake wa kumsindikiza akitaka, halafu asikilizwe, na mimi nisiwe ndo mwenye kikao maana mimi ndo niliyezikuta zile shuka. Tukamtafuta mtu mwingine wa kuongoza. Ile barua niliiandika mimi. Nikampelekea mkononi kaunta, akaisoma amesimama, akakunja, akaniambia polepole bila hasira, "We si ulikuwa unajua? Zile chipsi kuku ulidhani natoa wapi?"

Na ni kweli. Nilikuwa najua, au nilikuwa nimechagua kutojua. Enzi za chumba kimoja akirudi na chipsi kuku wiki ya katikati ya mwezi, mshahara umeisha, sikuuliza. Nilikula. Nikiwa upande ule wa kaunta yale yalikuwa mambo ya dada wa watu, sasa nimevuka yamekuwa tuhuma na sahihi yangu chini.

Nilimwambia Mama kuhusu chipsi. Sio kwa ushujaa, niliogopa yatasemwa kwenye kikao. Mama akaniangalia akasema endelea na kazi, na mpaka leo sijui alimaanisha nini. Kwenye kikao shoga yangu hakusema hata neno moja kunihusu. Alikubali, akasaini, akalipwa siku zake alizofanya, akaondoka. Mwaka jana nilimuona soko la Majengo, akainamia nyanya akachagua, akachagua, mpaka nikapita.

Watu wananiuliza sasa ulitakiwa ufanyeje, sina jibu moja. Ninachoweza kusema ni kwamba ukipandishwa juu ya watu uliokula nao, kaa siku moja peke yako uandike yote unayoyajua kuhusu wao ambayo kama mfanyakazi mwenzao uliyanyamazia. Yote. Halafu amua kabla hayajakufuata. Unaweza ukawaita ukasema haya tuliyokuwa tunafanya zamani tunajuana, kuanzia Jumatatu hayapo, mimi nikiwemo. Ningefanya hivyo Machi labda ile barua ya Mei isingekuwepo. Labda. Na labda angeniona najifanya.

Kuhusu hela sitaki kusema sana, nyongeza ilikuwa ndogo kuliko tipu za risepsheni nilizoziacha, na mgeni hampi meneja tipu, anampa malalamiko. Nguo za kazi unajinunulia mwenyewe. Basi.

Ile lodge niliondoka, sasa hivi niko sehemu nyingine kubwa kidogo hapa hapa Dodoma, na biashara yenyewe imegeuka, tangu treni ya umeme ianze 2024 mtu anatoka Dar asubuhi chini ya masaa manne yuko hapa, anafanya kikao chake, jioni anarudi kulala kwake, chumba chetu hakioni. Kwa hiyo yule anayelala ndo unamtunza kama yai. Babu alistaafu akarudi Bahi, analima mtama na anafuga mbuzi, tukiongea kwenye simu bado ananiita bosi na mimi najua sasa cha kujibu.

Foronya bado nakunja. Saa 9 alasiri, ndoo nyingine, watu wengine. Walichukua kama miezi mitano hawa, lakini wakishafunguka wamefunguka kupita kiasi, naambiwa kila kitu, naambiwa mpaka ndoto. Juzi saa 8 usiku simu ikaita, mlinzi, kijana mdogo tu. "Dada samahani kukuamsha, kuna paka kaingia stoo ya shuka."

Paka. Saa 8 usiku.

Nikakaa kitandani nikahesabu mpaka tano. Nikasema asante kwa kuniambia. Nikavaa dera nikaenda, siku hizi naishi jirani, nafika nakuta taa inawaka, kijana amesimama mlangoni na tochi na uso wa mtu aliyefanya kazi yake, nikachungulia. Alikuwa kazaa. Watoto wanne, juu ya rundo la shuka mpya za ghorofa ya pili, zile nyeupe.